Kutembelea wagonjwa kama nidhamu ya roho, haya ndiyo niliyojifunza wodini

Naandika hii kwa ajili ya wenzangu ambao kila Kwaresma ikianza wanajiwekea nia kwamba mwaka huu nitatembelea wagonjwa, alafu wanaenda mara moja na kundi la jumuiya wamebeba sabuni na maji, wanaimba wimbo mmoja, wanapiga picha, wanarudi nyumbani na moyo mwepesi, na Pasaka ikifika habari imeisha. Siwasemi vibaya, sabuni inahitajika na wimbo unafariji kweli. Ila huruma kama nidhamu, yaani kitu unachokifanya kama unavyosali rozari au unavyofunga, uwe una hamu au huna, hiyo ina gharama zake na mimi hakuna aliyenieleza mapema, nikazijua nikiwa ndani.

Mi sikuanza kama mtembeleaji, nilianza kama muuguzaji, yaani ndugu anayekaa na mgonjwa wake kumhudumia. Dada yangu mkubwa alitoka Mbinga akafika kwangu Dar na barua ya rufaa mkononi, saratani ya shingo ya kizazi, akaanza matibabu pale Ocean Road, hospitali ya saratani. Kwa wasiojua, mionzi ya nje inatolewa Jumatatu mpaka Ijumaa, dakika chache tu kila siku, lakini inaenda hivyo kwa wiki kama tano, na humo katikati kuna dripu za kemo, yaani dawa kali za saratani, alafu inakuja mionzi ya ndani. Kwa hiyo unakaa, unasubiri, unafua khanga, unabembeleza mtu ale uji hata vijiko viwili. Na unapokaa pembeni ya kitanda muda wote huo unawaona wageni wanaokuja kwa jicho ambalo huwezi kuwa nalo ukiwa wewe ndio mgeni.

Niliona mengi. Kuna ndugu yetu alikuja akasimama miguuni pa kitanda akaanza kusimulia shangazi wa rafiki yake aliyekuwa na ugonjwa huohuo, alivyokonda, alivyozikwa, dada anamwangalia tu. Kuna mtu wa maombi alimwambia kama angekuwa na imani ya kutosha asingehitaji hata hiyo mionzi, na usiku ule dada hakulala, alikuwa ananiuliza tena na tena kama kweli imani yake ndogo. Kuna jirani aliuliza kwa sauti ya chini lakini ya kusikika, eti alikuwa na wanaume wangapi. Hili la mwisho liliniumiza mpaka leo. Saratani hii karibu yote inatokana na kirusi cha HPV, kirusi ambacho watu wengi wanakipata wakati fulani maishani mwao, mwanamke mwenye mume mmoja maisha yote anaweza kukipata, na ndio maana serikali yetu ilianza mwaka 2018 kuwachanja mabinti wa miaka 14, na mwaka 2024 walichanjwa wa miaka 9 mpaka 14 dozi moja tu. Kama una binti wa umri huo mpeleke. Na ukienda kumwona mwanamke mwenye ugonjwa huu, hilo swali la wanaume liache nje kabisa, hata kichwani usiingie nalo.

Kitanda cha jirani alikuwepo mama mmoja kutoka Pangani, Muislamu, mpole sana. Kaka yake alikuwa anakuja kumtazama, mzee wa kanzu na kofia. Anafika, anatoa salamu kwa wodi nzima, anaweka kiganja kwenye paji la uso la dada yake, anasema "laa ba'sa, twahuur inshaallah", anakaa kidogo, anauliza kama anataka maji au kugeuzwa, anaaga. Dakika kumi labda. Ila keshokutwa yupo tena. Siku moja nikamuuliza yule mama, bi mkubwa, mbona kaka yako hakai? Akasema mwanangu, mgonjwa anachoka kuangaliwa, sunna ni kutomchosha, na yale maneno maana yake hakuna ubaya, ugonjwa huu ni utakaso Mungu akipenda, ndivyo Mtume alivyokuwa akiwaambia wagonjwa. Alafu akanisimulia hadithi ambayo Mwenyezi Mungu siku ya kiyama atamwambia mwanadamu, niliumwa hukuja kunitazama, na mja atauliza nitakutazamaje nawe ni Mola wa walimwengu, naye atajibiwa, hukujua kwamba mja wangu fulani aliumwa hukwenda kumtazama? Ungekwenda ungenikuta kwake.

Nilishtuka, maana sisi tunayo Mathayo 25, "nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama". Nimeisikia tangu katekisimu, ipo kwenye matendo ya huruma ya kimwili tuliyokariri, kulisha wenye njaa, kunywesha wenye kiu, kuvika walio uchi, kupokea wageni, kutembelea wagonjwa, kutembelea wafungwa, kuzika wafu. Lakini kuisikia kutoka kwa yule mama, dripu ikiwa mkononi mwake, ndio nikaona kwamba maandiko yote mawili hayasemi "mkaniponya" wala "mkanihubiria". Yanasema mkaja mkanitazama, basi. Kazi ya kuponya ina wenyewe. Iliyobaki kwa mtu kama mimi ni kwenda na kuwepo na kurudi tena.

Dada alimaliza mionzi akarudi Mbinga, akaishi vizuri kiasi mpaka ugonjwa uliporudi, akafariki nyumbani watoto wake wakiwa wamemzunguka. Baada ya msiba nikawa nimebaki na ule mwili uliozoea kwenda hospitali. Nikamwambia padri wetu nataka kuendelea kwenda, niwatazame wengine. Akaniuliza swali moja, utaenda siku gani? Nikamwambia nitakuwa naenda nikipata nafasi. Akasema hapana, chagua siku, hiyo siku ndiyo sala yako, na isiwe Jumapili.

Ushauri huo nawapa na ninyi. Jumapili na Jumamosi wageni wanajaa, makundi ya fulana zinazofanana yanapishana mlangoni. Nenda Jumanne jioni uone. Mtu ametoka Kigoma, ametoka Sumbawanga, ndugu aliyemleta kaishiwa karudi shamba, yeye yupo peke yake na mfuko mmoja wenye nguo mbili. Mi nikachagua Jumanne. Na usijiendee tu kiholela, pitia kwa watu wa ustawi wa jamii wa hospitali au kwa padri au mchungaji anayehudumia hapo, wakutambue, fuata saa za kuona wagonjwa, na mara za kwanza nenda na mwenzio aliyezoea. Kuna wagonjwa kinga yao imeshuka kwa ajili ya kemo, kwa hiyo ukiwa na mafua au kikohozi siku hiyo baki nyumbani, na mikono unanawa kabla ya kumgusa mtu. Chakula usimpe mtu bila kumuuliza nesi. Dawa wala majani ya kienyeji usilete kabisa. Picha usipige, hata akikuruhusu, maana mgonjwa anaogopa kukatalia mtu aliyemletea kitu.

Kabla ya kuingia nimejizoesha kusimama. Nikishuka Kivukoni natembea kupita soko la samaki la Feri, bahari iko mkono wa kulia, na nikikaribia hospitali nasimama kidogo upande wa ufukweni nasali sala fupi, Bwana nipunguzie maneno. Hiyo tu. Mwanzoni nilikuwa nasali sala ndefu za kuombea uponyaji wa kila mtu nikajikuta naingia nimeshajaa mambo yangu, nina hotuba tayari. Siku hizi nikifika kitandani nasalimia, nasema jina langu, nauliza naweza kukaa? Hilo swali usiliache. Mgonjwa siku nzima anaamuliwa, amka, geuka, vua, meza, hili la wewe kukaa au kutokaa ni moja ya mambo machache anayoweza kuamua mwenyewe. Akisema leo hapana, unasema sawa mama, nitapita wiki ijayo, unaondoka bila kununa. Na wiki ijayo kweli unapita.

Nikupe mfano wa mama mmoja wa Kigoma. Wiki za kwanza alikuwa ananijibu marahaba na basi, anageukia ukutani. Nakaa kwenye stuli, nanyamaza. Ni ngumu sana kunyamaza, mikono unaiona mikubwa haina pa kwenda, unatamani useme kitu chochote, hata hali ya hewa. Nikawa najikumbusha wale rafiki watatu wa Ayubu, wakati wamekaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno walifanya vizuri, walipofungua midomo kuanza kumweleza kwanini anateseka ndio wakaharibu, mpaka Mungu mwenyewe akawakemea mwishoni. Jumanne moja yule mama akageuka akanyosha mkono akasema, dada, una wembe? Nikaogopa. Kumbe kucha. Zilikuwa ndefu, zimekuwa nyeusi kwa ajili ya kemo, moja imepasuka inanasa kwenye shuka kila akijigeuza usiku. Nikaenda kumuuliza nesi, akanipa mkasi mdogo akaniambia niende taratibu nisimkate nyama maana damu yake ina shida. Nikaloweka vidole vyake kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, kimoja kimoja, nikakata, nikampaka mafuta ya nazi kidogo mpaka kwenye viganja. Ilichukua muda mrefu. Wakati wote ule alikuwa anaongea, hakunyamaza, maharage yake kayaacha shambani na mtoto wa pili, mvua ikiwahi yataozea pale, mkwe wake hampendi, aliwahi kuwa kiongozi wa kwaya. Akasema tangu afike Dar hakuna aliyemgusa isipokuwa kwa kumchoma sindano au kumpima.

Sijawahi kusahau hilo. Kwa hiyo mfuko wangu sasa hivi unakaa na vitu vidogo vya namna hiyo, mkasi wa kucha, kitana, chaja ya simu, vocha, kalamu na karatasi. Pedi kubwa za watu wazima zinahitajika kuliko juisi, hakuna anayezileta kwa sababu hakuna anayetaka kuzitaja, ziweke kwenye mfuko usioonyesha, mpe mkononi bila kutangaza. Ila mafuta na losheni usimpake mtu sehemu inayopigwa mionzi mpaka waliomtibu waseme, ngozi ile inakuwa imeungua. Na kama unaogopa, mgonjwa wa mionzi ya nje akishatoka kwenye mashine hana mionzi mwilini, mkumbatie. Saratani haiambukizi kwa kukaa karibu wala kula sahani moja.

Harufu niiseme wazi, maana watu wanaikimbia alafu wanasingizia foleni. Kuna vidonda vya saratani vinanuka, na mgonjwa anajua kwamba vinanuka, anakuangalia usoni unapoinama. Manesi wana namna zao za kupunguza, nimewaona wakisaga vidonge vya metronidazo wakavinyunyiza kwenye kidonda wakafunga, na inasaidia kweli. Wewe kazi yako ni uso. Usizibe pua, usirudi nyuma, usijifanye unapepea. Vuta pumzi taratibu kwa mdomo, kaa, baada ya dakika chache pua inazoea. Mi kwangu hapa ndipo nimejifunza kusali kuliko mahali popote, kwa sababu mwili unataka kukimbia na wewe unaukalisha pale kwa ajili ya mtu mwingine, kufunga kwangu kwa Ijumaa miaka yote hakujawahi kunifikisha hapo.

Kitu kingine ni maumivu. Wengi wetu tumelelewa kwamba kuvumilia maumivu ni utakatifu, kwamba ukiyatoa kwa Mungu kimya kimya unapata neema. Sawa, mtu akiamua mwenyewe kuyatolea maumivu yake hiyo ni siri yake na Mungu. Lakini mimi niliyesimama na miguu mizima sina haki ya kumwambia mwenzangu avumilie wakati dawa ipo. Nimekutana na wagonjwa wanaficha maumivu wakiogopa mofini, wanasema hiyo ni dawa ya mwisho, ukipewa hiyo ujue unakufa. Nesi mmoja wa tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, alitueleza vizuri sana, akasema mofini ya maji inatolewa kwa ajili ya maumivu, si kwa ajili ya kifo, inanywewa kila baada ya masaa manne kwa kufuata saa, usisubiri mpaka uumie, ikitumika kwa maelekezo ya daktari haikuui, ila inafunga choo kwa hiyo lazima ipewe pamoja na dawa ya kulainisha. Yeye ndiye aliyenitajia Cicely Saunders, mama wa Uingereza aliyekuwa nesi, akawa mtu wa ustawi wa jamii, akasomea udaktari ukubwani, akafungua hospisi ya St Christopher's London mwaka 1967, nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, na alikuwa anafundisha kwamba maumivu ya anayeugua hivi yana sehemu nyingi, mwili, akili, familia, fedha, roho, ukitibu mwili peke yake umeacha mengine yanawaka. Huku kwetu daktari Anne Merriman, aliyewahi kuwa mtawa mmisionari Mkatoliki, aliileta kazi hiyo Kampala mwaka 1993 na ile mofini ya kunywa ya bei ndogo. Nilipoelewa hivyo nikaacha kuona kwamba mkasi wangu wa kucha ni kitu kidogo mbele ya kazi ya daktari. Pia nikajua la kufanya mtu akilia kwa maumivu, naenda kumwita nesi kwanza, alafu ndio nasali.

Na mpako wa wagonjwa, ile sakramenti ya padri kumpaka mgonjwa mafuta, hebu tuache kuuogopa. Tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano Kanisa linafundisha kwamba si kwa anayekata roho tu, ni kwa yeyote aliye kwenye ugonjwa mzito, na mtu anaweza kuupokea tena hali ikibadilika. Nimeona familia inamzuia padri asiingie eti atamtisha mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe mbali na masikio yao ananong'oneza kwamba anautaka.

Sasa gharama. Nauli, vile vitu vya kwenye mfuko, na fedha unazoombwa. Utaombwa. Nauli ya kurudi Kigoma, hela ya kipimo, ada ya mtoto. Kanuni yangu ni kwamba siahidi kitu ambacho sinacho mkononi siku hiyohiyo. Mgonjwa anahesabu ahadi, anaikalia wiki nzima, anawaambia watoto kwa simu. Maombi makubwa nayapeleka kwa ustawi wa jamii au kwenye jumuiya tunachangishana, sitoi kwa siri mtu mmoja mmoja, kwa sababu wodi nzima inaona, na inaleta uchungu kati yao.

Gharama kubwa zaidi haionekani. Ulifika wakati nikawa silali, nasikia sauti za wodini nikiwa jikoni kwangu, mume wangu akisema kitu kidogo namrukia. Nilimkasirikia Mungu pia, hasa alipofariki binti mmoja mdogo wa chuo ambaye tulishapanga mengi. Nilienda kanisani siwezi kusema Baba Yetu. Padri hakunibembeleza, akaniambia soma Zaburi ya 88. Nikaisoma, nikashangaa, zaburi nyingine zinalia alafu mwishoni zinainuka, hii inaishia gizani hivyohivyo, na ipo kwenye Biblia, na inasalika. Nilikaa nayo muda mrefu. Akaniambia pia nipumzike Jumanne kadhaa bila kujisikia mkosaji, na nikirudi nisirudi peke yangu. Tangu hapo tunaenda wawili, na tukitoka tunakaa ufukweni tunaongea tulichokiona kabla ya kupanda daladala, kila mtu anasema kilichomgusa na kilichomuudhi, tunawataja kwa Mungu, alafu yaliyosemwa kitandani yanabaki hapo, hatuyapeleki kwenye grupu la WhatsApp hata kwa jina la kuombea.

Na ujue kuna Jumanne utaenda huna huruma hata chembe. Umechoka, unawaza kodi ya nyumba, mgonjwa anaongea wewe unaangalia saa. Nilidhani hiyo ni dalili kwamba wito umeisha. Nimegundua wagonjwa wenyewe hawaoni tofauti kubwa kama mimi ninavyoiona, wao wanaona kwamba umekuja. Na mara kadhaa hiyo hisia ilikuja baadaye, wiki tatu nne, ghafla tu wakati nageuza mto wa mtu.

La mwisho ni la wauguzaji, kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Ukifika kitandani ukamkuta mama, mke, mtoto au ndugu amekaa hapo, usimpite. Watu wote wanamuuliza mgonjwa anaendeleaje, yeye hakuna anayemuuliza amekula saa ngapi. Muulize. Mwambie mi nipo hapa mpaka muda wa wageni uishe, nenda kaoge, nenda kalale hata kwenye benchi, kitu kikitokea nitamwita nesi na wewe nitakupigia. Chukua namba yake. Na kama mgonjwa wake amefariki, usiishie kwenye rambirambi ya msibani wakati nyumba imejaa watu, mpigie mwezi wa pili, wa tatu, wakati wote wamesharudi makwao.